Lenzi ya Mtumba na Korongo Wawili

Mume wangu amepiga watu picha maisha yake yote, na sijawahi kumsikia hata mteja mmoja akisema ametoka vizuri. Picha za pasipoti, jamani! Mtu anaitazama, anaguna, anauliza kama kweli pua yake iko hivyo, anaitia kwenye bahasha na kwenda zake kuibandika kwenye fomu. Studio yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna kitambaa cha bluu ukutani, kigoda, kioo, chanuo lililofungwa kamba lisiibwe, na koti jeusi moja la kuwaazima wanaokuja na fulana. Koti hilo limepigwa picha na nusu ya mtaa. Yeye husimama nyuma ya kamera na kusema, "Inua kidevu kidogo. Kidogo tu. Hapo hapo." Kwa maneno hayo watu wakamwita Kidevu. Hata mimi humwita hivyo nikiwa nimekasirika, na mimi kukasirika hakunichukui muda.

Halafu simu zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha. Tukabaki na wazee na wale wanaotaka leseni. Watoto wetu wawili wako mbali, kila mmoja na nyumba yake. Basi mwenzangu akaanza kushinda nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta mfupi, anatazama kile kinamasi. Matete na maji na tope, basi. Nilidhani ni uzee umeanza kubisha hodi.

Siku moja akaja na lenzi. Ya mtumba, ya plastiki, rahisi kuliko zote zilizokuwa dukani, ndefu kama chupa ya chai.

"Inavuta mpaka mia tatu," akaniambia, uso umemnawiri.

"Mia tatu nini?"

"Mia tatu tu, mama watoto. Inavuta vitu vya mbali."

"Basi ivute wateja," nikamjibu, nikaendelea na kufagia.

Lakini lazima niseme kweli, sikuwa nimemwona hivyo miaka mingi. Alikuwa anaamka kabla yangu, anapiga mluzi. Aliijua ile lenzi kasoro zake zote, kama mtu anavyomjua mke. Ukiivuta mpaka mwisho, picha inalegea, manyoya ya ndege yanakuwa kama yamelowa. Jua lisipokuwa limetoka sawasawa, ni giza na ukungu mtupu. Jua likipanda sana, mvuke wa maji unafanya kila kitu kicheze. Kwa hiyo alikuwa na saa moja na nusu tu kila siku, asubuhi, kati ya giza na mvuke. Na kwa kuwa lenzi za bei ile hazina kile kitu cha ndani cha kutuliza mkono, alichukua foronya yangu, akaijaza maharage, akailaza juu ya ukuta na kuegemeza kamera hapo.

"Foronya yangu hiyo, Kidevu!"

"Mkono ukitikisika hapa kidogo tu, kule mbali unatikisika hatua nzima," akasema, bila hata kugeuka.

Ndipo akawaona korongo. Wawili, wa kijivu, warefu, wamejenga kiota katikati ya matete. Akaniita nitazame. Nilikwenda kwa kununa, nikaweka jicho. Mmoja alikuwa amelala kiotani. Akasimama polepole, akainamisha shingo, akafanya kitu kule chini kwa mdomo wake, taratibu, akalala tena.

"Anageuza mayai," mume wangu akaninong'oneza. "Sasa hivi mwenzake atakuja ampokee zamu. Hata dume linaatamia."

"Umeona wenzako?" nikamwambia. Akacheka. Na mimi nikacheka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nampelekea chai pale ukutani, na sikumpelekea kwa ajili yake peke yake.

Kisha tukasikia kwamba kinamasi kitajazwa kifusi, yajengwe maghala. Tingatinga likaletwa, likaegeshwa pembeni likingoja kibali. Mume wangu alivaa lile koti jeusi la wateja, akaenda ofisi ya mazingira, na mimi nikamfuata maana akiachwa peke yake huongea kama anaomba radhi. Tulipokewa na afisa mmoja kijana, mtu mwenye adabu, sitamsingizia. Akatuambia wazi kwamba korongo wanalindwa. Wakiwa wametaga pale, hakijazwi kitu. Lakini hawezi kuingia kwenye tope kwa maneno matupu.

"Nileteeni picha inayoonyesha ndege na mayai, mzee wangu. Nikiiona nakuja mwenyewe kuhakiki. Jumatatu natia saini, kibali au zuio, moja kati ya hayo mawili."

Tulikuwa na siku nne. Kidevu alipiga picha mia na zaidi, akachagua iliyo bora, akaichapa kubwa, tukaipeleka Ijumaa. Afisa akaisogeza dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Mzee, usinielewe vibaya," akasema. "Huu si mfuko wa saruji?"

Nilitaka kumrukia. Lakini nilipoitazama ile picha tena, kwa macho ya mtu asiyejua, kusema haki ulikuwa mfuko wa saruji.

Jumamosi kulikuwa na mawingu. Jumapili jua likatoka safi, na mume wangu akawa pale ukutani, haridhiki. Akanieleza shida yake. Ili picha ikaze, asiivute lenzi mpaka mwisho, aishie mia mbili na hamsini hivi, na lile tundu la kupitisha mwanga alibane kidogo. Lakini akifanya hivyo ndege anakuwa mdogo, na mayai hayaonekani kabisa. Dawa yake ni moja, kuingia kwenye matete na kusogea. Na hapo ndipo alipogoma. Alikuwa amechomeka kijiti mle ndani, wiki mbili tatu nyuma. Mpaka pale kwenye kijiti korongo wanamvumilia. Akipita, shingo zinainuka.

"Nitangoja wapokezane zamu," akasema. "Kuna dakika kiota kinakuwa wazi. Huenda kesho alfajiri..."

"Kesho mtu anatia saini!" Mdomo wangu ndio huo, ulishafunguka. "Utangoja mpaka waatamie maghala? Miezi mizima unaharibu foronya yangu, leo siku yenyewe unaogopa shingo ya ndege! Si usogee! Mwanamume mzima!"

Alinitazama. Akakunja suruali, akaitwaa kamera, akaruka ukuta.

Nilimwona kila hatua. Akakipita kijiti. Shingo ya korongo ikainuka, akasimama, nayo ikashuka. Akaenda tena. Tope lilikuwa limemfika magotini. Nilikuwa nasema moyoni, bado kidogo, bado kidogo. Mara ndege akainuka wima juu ya mayai, mabawa yote mawili wazi, Kidevu akapiga, akapiga, ndege akatoa ukelele ambao sijausikia tena, akaruka. Mwenzake akamfuata. Kiota kikabaki wazi juani, na Kidevu akashusha kamera na kuanza kurudi nyuma haraka ili wapate kurejea.

Hawakurejea. Walizunguka juu, mbali. Walioshuka ni kunguru, wawili kwanza, kisha wengine. Mume wangu akageuka kuwakimbilia na tope likamshika. Alikuwa akipiga kelele, akirusha matope kwa mikono, na kamera inamning'inia shingoni. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya ukuta napiga makofi na kupiga mayowe kama mwendawazimu. Wapi! Ilikuwa imekwisha kabla hajauchomoa mguu wa pili.

Picha tuliiona jioni kwenye kompyuta. Sikupata kuona picha nzuri kama ile. Kila unyoya umesimama peke yake. Na chini ya miguu ya korongo, mayai mawili meupe yenye madoa, unaweza kuyahesabu hayo madoa. Ile lenzi ya plastiki ilikuwa imefanya kazi yake yote.

Jumatatu afisa alipoiona, alisimama. "Sasa nimeamini," akasema, akachukua viatu vya mpira, tukaenda naye. Akaingia kwenye matete mwenyewe. Alipotoka alikuwa na maganda mkononi.

"Kiota ni kitupu. Hawa hawarudi hapa." Akatazama lile tingatinga, akatutazama sisi. "Nani kawafukuza? Kama ni hawa watu wa kifusi, semeni. Hilo ni kosa, na kibali kinasimamishwa hapo hapo."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilimfinya mume wangu mkono, nikamfinya kwa kucha. Sema, Kidevu! Neno moja tu! Tingatinga lile pale, nani atabisha?

"Ni mimi," akasema. "Nilisogea kupiga picha."

Afisa akashusha pumzi, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akatia saini kibali.

Nilimpa maneno njia nzima, na ndani ya nyumba, na kwenye sahani ya chakula. Nikamwita mjinga, nikamwita mtakatifu wa matope. Mwishowe nikaishiwa nguvu, na lililokuwa chini ya hayo yote likatoka lenyewe. "Mbona hukumwambia kwamba ni mimi niliyekutuma?"

"Miguu ilikuwa yangu," akasema.

Malori yalianza wiki hiyo hiyo. Yanamwaga kifusi tangu asubuhi, vyombo vinatetemeka kabatini. Mume wangu amerudi kwenye kigoda na kitambaa cha bluu. Anapiga pasipoti, anachapa, anakata kwa mkasi. Hapigi mluzi. Nikimsemesha anajibu, nikimpa chai anakunywa, na mtu akimtazama atasema hana neno. Mimi nalala naye, mimi najua. Nimemvunja mume wangu kwa sentensi mbili, na hakuna ofisi ya kwenda kulipeleka hilo.

Juzi asubuhi akaniita nyuma ya nyumba, kwa mkono tu. Korongo walikuwa wamerudi. Walikuwa juu ya kifusi, hatua kumi kutoka ukutani, karibu hata ungeweza kuwaona kope. Walikuwa wakitembea polepole, wanasimama, wanainamisha shingo, wanagusa mawe kwa midomo, wanaenda mbele kidogo, wanagusa tena.

"Wanatafuta," akasema.

Machozi yakanitoka. Nikafungua kinywa nimwombe msamaha, hapo hapo, kabla hasira haijanirudia.

"Usiongee, mama watoto," akaninong'oneza. "Wataruka."

Nikanyamaza. Lori likaja, likamwaga mzigo wake, na wakaruka vilevile.