Dakika Ambazo Hazikufutwa

Saa tatu asubuhi, fundi wa kaseti ameinamia meza yake, miwani imeshuka puani, ncha ya ulimi iko nje. Anaukata kwa wembe utepe uliotafunwa na redio, kisha anaunganisha ncha mbili kwa kipande cha selotepu chembamba kuliko ukucha.

"Usipige chafya, baba," anamwambia mteja mwenye mvi. "Ukipiga tu, mama yako kaenda."

Mteja anacheka, lakini pumzi ameibana kweli. Kaseti hiyo ina sauti ya marehemu mama yake.

Fundi huyu ana miaka sitini na minane, na mtaa mzima unamwita Mama Kanda. Enzi za redio kaseti alipokea kazi thelathini kwa siku. Siku hizi zikija tatu kwa wiki, anashukuru.

Sauti za wafu wa watu amezifufua nyingi. Ya mumewe hana.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kalamu ilimchosha, akawa anatuma barua kwa kaseti. Mke akishasikiliza, anarekodi majibu juu ya kaseti ileile na kuirudisha. Kwa miaka tisa kaseti moja ikaenda na kurudi, kila barua ikifuta iliyotangulia.

"Tulijiona wajanja, tunabana matumizi," anasema. "Kumbe namfuta mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Jibu lake la mwisho halikutumwa. Kabla hajalipeleka, aliletewa habari za ajali. Kaseti ikaingia sandukuni, na kwa miaka ishirini na sita utepe umegandana. Hajathubutu kuugusa.

"Za watu nafungua huku napiga soga. Hii nikiishika tu, jasho linanitoka."

Lakini jicho la kushoto limeingia ukungu, na daktari amesema la kulia linafuata. Jumamosi hii bintiye atakuja kumshikia taa, aifungue.

"Sasa mama, si ulishamfuta?" mteja anauliza kwa upole.

Mama Kanda anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa khanga, taratibu mno.

"Ile barua yake ya mwisho ilinikera. Nilizima hata hajafika nusu, nikarudisha kanda mwanzo, nikamjibu dakika tano za kununa. Na yule bwana alikuwa haachi kuongea mpaka kanda iishe. Kuna maneno yake mle ndani, baba, baada ya yangu. Sijayasikia bado."