Darubini Mbili za Mzee wa Shabaha

Miaka ya tisini nilikuwa na meza Soko la Toi, upande unaotazama Kibera. Wenzangu waliuza nguo na viatu vya mitumba. Mimi niliuza miwani, kamera kuukuu na darubini za kutazamia ndege. Sikusomea vioo popote. Nilijifunza kwa kufungua, kupangusa na kufunga tena.

Asubuhi moja ya kiangazi alinijia mteja wangu wa miwani, mzee aliyestaafu kazi ya kulinda wanyamapori. Akatoa mkobani mirija miwili myeusi, akaiweka mezani.

"Mama, niazime macho yako. Hizi ni darubini za bunduki. Nimepewa dukani nizijaribu, moja ninunue, nyingine nirudishe."

Jirani yangu muuza viatu akarudi nyuma. "Na bunduki yenyewe iko wapi, mzee?"

"Iko kwa kabati, imefungwa, na leseni yake. Uza viatu."

Akanieleza kwamba yeye hupiga shabaha klabuni, umbali wa mita mia tatu, kwa bunduki inayojipakia yenyewe kila inapolia. Moyo wake ulishaangukia ile darubini kubwa, iliyovuta vitu karibu mara ishirini. Ndogo ilivuta mara kumi tu.

Nikamwomba angoje jua likolee. Saa sita tuliegemeza darubini kwenye gunia la nguo, tukatazama bango la kinyozi ng'ambo ya mabati ya Kibera. Katika ile kubwa herufi zilichezacheza kama ziko ndani ya maji, kwa joto lililokuwa likipanda kutoka kwenye mabati. Akisogeza kichwa kidogo tu, picha yote iliingia giza. Katika ile ndogo herufi zilikuwa ndogo, lakini zilitulia.

"Lakini kubwa ni kubwa," akanung'unika.

"Kubwa inakuonyesha joto likiwa kubwa, mzee."

Akatazama tena, kisha akairudisha ile kubwa mkobani.

Sasa ikabaki namna ya kuifunga juu ya bunduki. Nikampeleka kwa mume wangu, aliyekuwa na mashine ya kukereza vyuma kwenye kituo cha 56 pale Kawangware, nyuma ya duka la hardware. Mzee alikuwa na vipete viwili vya kushikia darubini, kila kimoja na skrubu zake. Mume wangu akavigeuza kiganjani.

"Hii bunduki yako kila risasi inarusha chuma nyuma, halafu mbele. Hivi vipete, kila kimoja kitahama kivyake. Unataka kikalio cha kipande kimoja, kiishike darubini yote."

Akakichonga kwa alumini, siku tatu. Cha kwanza kilikuwa juu mno. Mzee alipoleta bunduki na kulenga, shavu lilining'inia hewani badala ya kukaa kwenye kitako cha bunduki. Mume wangu hakupenda kuambiwa kazi yake ina kasoro, na nilijiandaa kwa ugomvi. Kumbe akasema tu, "Shavu ni lako," akaanza upya.

Jumapili baada ya kanisa mzee alituchukua hadi kwenye uwanja wa shabaha. Nilikuwa nimevaa viatu vya ibada na nimeziba masikio kwa pamba. Alipiga risasi tano, akarekebisha darubini, akapiga kumi. Tulipotembea hadi kwenye karatasi, matundu ya zile kumi yalikaa pamoja, kiasi cha kufunikwa na kisahani cha chai. Mume wangu hakutazama karatasi hata kidogo. Alirudi kwenye bunduki akashika skrubu za kikalio, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyolegea. Ndipo akatabasamu.

"Nani alikuchagulia hii darubini?" mpigaji mmoja akamuuliza mzee.

"Huyu mama wa Toi. Na bwana yake."

Tulikula chapati kwenye nyasi, sisi watatu, huku wengine wakipiga. Mwezi uliofuata walikuja sokoni wapigaji wawili na mirija yao mkobani, na muuza viatu ndiye aliyewavutia benchi.