Sinia la Nyama na Bwawa la Kerrawilla

Mimi ni muuza nyama wa Kerrawilla, na muuza nyama hujua mambo ya watu kuliko kasisi. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Lorelle Pascoe ndiye mkaidi kuliko wote katika mji huu wa ngano na nzi, amini. Kazi yake pale halmashauri ni kuuliza maswali. Barabara ikiharibika, Lorelle anatutumia dodoso mtandaoni. Taka zikinuka, dodoso. Na sisi hatujibu. Tukikutana naye tunasema, "Nimeliona, Lorelle, nitalijaza wikendi," na wikendi ina kriketi.

Kiangazi hiki madiwani walitaka kufukia bwawa la kuogelea. Sasa, Lorelle aliwahi kuangushwa na farasi akavunjika nyonga, na alijifunza upya kutembea ndani ya maji yale. Hajakosa asubuhi hata moja tangu hapo. Sharti la madiwani lilikuwa moja: watu waulizwe, na zikijibu chini ya nusu ya nyumba za mji, basi hakuna anayejali, malori ya udongo yaje. Dodoso walilitunga wao wenyewe, maswali sitini, la kwanza likiuliza kuhusu "kiwango cha kuridhika na miundombinu ya burudani ya majini". Mimi nilifika swali la nne nikaenda kukata mbavu.

Majibu yakaja ya kuhesabika kwa vidole. Lorelle akaja dukani, akaegemea kaunta.

"Vern, mkono mtupu haulambwi. Nipe sinia la nyama, tuchezeshe bahati nasibu kwa watakaojibu."

"La kawaida au la Krismasi?"

"La Krismasi. Na usinipunje kwenye mbavu za kondoo, nakujua."

Sinia la nyama kwetu si mchezo. Kuna watu hawajaingia kanisani tangu wabatizwe, lakini Ijumaa hawakosi klabuni linapochezeshwa. Majibu yakamiminika. Kufika Jumatano yalikuwa yameshazidi watu wote wa Kerrawilla, ukijumlisha na waliolala makaburini. Mimi nikajiona mwokozi wa mji.

Lorelle akaja na kompyuta, akaiweka juu ya ubao wangu wa kukatia.

"Huyu kamaliza maswali sitini kabla birika halijachemka," alisema. "Huyu kabonyeza kisanduku cha kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Katikati nilitega mtego, niliandika: kama kweli unasoma, chagua kijani. Unajua ni nani waliochagua kijani?"

"Wengi?"

"Mkeo na kasisi. Halafu huyu Bluey Trezise ni nani? Na Duchess Trezise?"

Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Nev Trezise, mzee wa Mtaa wa Reli, ana mbwa wengi kuliko meno, na kila mbwa alikuwa ametoa maoni yake. Lakini utamu ulikuwa hapa: kwenye swali la bwawa lenyewe, kisanduku cha kwanza kilisema libaki. Waongo wote walikuwa upande wetu.

"Basi peleka," nikamwambia. "Umeshashinda."

"Kwa kura za mbwa?"

"Mbwa nao huogelea."

Hakucheka. "Njia ya mwongo fupi, Vern. Diwani mmoja akiyafungua haya, bwawa litafukiwa na mimi nifukiwe humo humo. Na hata wasipoyafungua, mimi nataka kujua. Kama ni mimi peke yangu ninayelitaka, niambiwe." Hapo nikamhurumia. Kisha akayafuta yote, huruma ikanitoka, maana sinia langu, kwa kukosa mshindi, liliishia kwa wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye meno ya kununua.

Akaanza upya. Maswali sitini akayachinja yakabaki matano, na mtu anayejua kuchinja namheshimu. Kila nyumba ilipata meseji yenye namba yake ya siri, ukiitumia mara moja imekufa. Meseji haikusainiwa "Halmashauri". Ilisainiwa "Lorelle, yule wa bwawani". Aliituma Jumapili jioni, watu wakiwa wameshiba na simu mkononi. Wala hakuuliza tumeridhika kiasi gani, maana mtu wa hapa akila nyama bora kuliko zote maishani mwake husema "si mbaya". Aliuliza kama tunaingia majini au hatuingii, na mwisho: libaki au lifukiwe?

Badala ya nyama, alibandika karatasi kwenye dirisha la duka langu. Majibu hayakuwemo, hayo ni siri. Ilionyesha tu kila mtaa una nyumba ngapi zilizojibu. Hapo moto ukawaka. Mtaa wa Kanisa na Mtaa wa Reli hawajapatana tangu enzi za babu zao, na sasa akina mama walikuwa wanagongeana milango, "Wewe umejibu? Unatuaibisha."

Ijumaa, siku ya mwisho, mitaa hiyo miwili ilikuwa sare, na mji mzima ulipungukiwa na nyumba moja tu kufikia nusu. Lorelle alikuwa dukani anakula kucha. Akaingia Nev kununua mifupa.

"Sijibu," alisema kabla hajaulizwa. "Nilishajibu. Mbwa wangu wakafutwa bila hata kusikilizwa."

"Ulimaanisha ulichojibu?" Lorelle akamuuliza.

"Nilimaanisha nyama. Bwawa lenyewe silitaki. Watoto wanapiga kelele, mbwa hawalali."

Nilimkonyeza Lorelle anyamaze. Nilijua anachotaka kusema, na nilitamani kumrushia figo.

"Nev, ujue kitu kimoja," alisema. "Imebaki nyumba moja. Ukinyamaza, bwawa linafukiwa. Ukijibu, hata ukisema lifukiwe, nusu imetimia na majibu ya wote yatahesabiwa. Shauri yako."

Nikafumba macho. Nev akaitazama karatasi dirishani.

"Hawa wa Kanisa wametufikia lini?"

"Mchana huu."

"Na nikijibu?"

"Reli mnaongoza."

Akatoa simu. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akisoma kila swali kwa sauti, na Lorelle akageuka kuangalia soseji, maana siri ni siri. "Unaingia majini? Sijawahi na sitaki. Libaki au lifukiwe? Lifukiwe." Akabonyeza, akachukua mifupa yake. Nikaongeza alama moja Mtaa wa Reli. Lorelle alikuwa bado anaangalia soseji, mabega yanamtikisika. Nilidhani anacheka.

Madiwani walihesabu Jumatatu. Waliotaka libaki walikuwa wengi, watu kweli, wenye miguu miwili. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu majini, Nev alipokuja na viatu vyake vya shamba na kusimama ukingoni, juu ya pale Lorelle alipokuwa akiogelea.

"Ati jibu langu ndilo lililoliokoa hili?"

"Ndilo, Nev."

"Lifute."

"Ya mbwa niliyafuta," alisema Lorelle. "Lako lilikuwa la kweli."

Akageuka, akaogelea kwenda upande wa pili.