Vitambaa vya Uongo

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa Kihesa, Iringa, kwa shangazi yangu. Mama alibaki Mbeya akiuza mchele wa Madibira sokoni Mwanjelwa, na makubaliano yao yalikuwa mafupi: nikipata mimba narudishwa, na shule inaishia hapo.

Shangazi hakuwahi kuniuliza habari za hedhi. Aliangalia kamba. Tulitumia vitambaa vya kufua, na pale kwake vilianikwa uani chini ya khanga ili mumewe asivione. Khanga ile ikikaa kambani siku tatu nne, shangazi alijua mwezi wangu umepita salama. Isipoonekana, alianza kunikagua tumbo nikiinama kufagia.

Shida ni kwamba mwili wangu haukujua kalenda. Hedhi ilikuja mwezi mmoja, ikapotea miwili, ikarudi kwa siku tisa. Ilipopotea mara ya kwanza nilimwambia shangazi mimi mwenyewe, kwa sababu niliogopa. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akanipeleka zahanati, nikapewa kikopo cha mkojo. Hakuna mimba. Mwezi uliofuata tukarudi. Hakuna mimba. Njiani akasema, "Mwanangu, vipimo navyo huwa vinakosea." Nilichoka. Sasa nina watoto wawili na kazi ya kutwa nzima, na bado sijui kama nimewahi kuchoka vile tena.

Basi nikaanza kudanganya. Kila mwisho wa mwezi nililoweka vitambaa visafi, nikavikamua, nikavianika chini ya khanga. Kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa sita, vidole vilikufa ganzi kwa kazi isiyo na kichwa wala miguu. Lakini shangazi alitulia. Akaanza kuniongezea mboga kwenye sahani, na siku moja nikamsikia akimwambia mama kwenye simu, "Wifi, binti yako ametulia siku hizi." Nilimchukia kidogo kwa furaha ile.

Kisha damu ikaja kweli, na haikukatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ningesema nini? Kwa shangazi, mwezi ule nilikuwa nimeshamaliza. Nilivificha vitambaa nyuma ya pipa la maji, vikakauka nusunusu, nikavivaa hivyohivyo. Asubuhi moja nikaanguka mstarini shuleni, na shangazi akaitwa aje anipeleke zahanati.

Nesi alinifunua kope, akauliza hedhi zangu zikoje. Shangazi akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Zake hazina shida. Kila mwezi, haikosi."

Nikasema hapana. Nikaeleza yote huku nikiangalia sakafu. Nesi hakushtuka. Alisema miaka ya mwanzo hedhi huvurugika kwa wasichana wengi, ila damu ya wiki tatu si ya kunyamaziwa, na ndani ya kope zangu palikuwa peupe mno, dalili ya kupungukiwa damu. Akaandika vipimo.

Shangazi alikaa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Si ungeniambia tu, mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia, shangazi. Ukanipeleka kupimwa mimba."

Nesi akanionyesha mlango wa maabara. Shangazi akainuka anifuate, halafu akakaa tena.