Mbuzi wa Harusi ya Dada Nyangeta

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Nyasura pale Bunda mtanisahihisha, mazungumzo ya dini na dini yalifanywa kwa kisu. Msishtuke. Nasema kisu cha Mzee Shabani, fundi baiskeli, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila asubuhi ya Krismasi alikuja kwetu kuchinja mbuzi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kabisa, na mikono yake ilikuwa mizima, angeweza kuchinja mwenyewe. Lakini siku zile Mkristo aliyejichinjia sikukuu alihesabiwa mchoyo, maana yake hakutaka jirani yake Mwislamu ale. Ukitaka mtaa mzima ushibe kwako, unamwita Shabani. Hakuna aliyeandaa semina juu ya jambo hilo.

Tena ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari tuliifahamu kwa foleni, nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, ulishuka kooni kwa kusukumwa na mchuzi wa dagaa. Nyama ilikuwa habari ya sikukuu, kwa hiyo sisi watoto tulizipenda sikukuu zote bila ubaguzi. Idd tulihamia kwa Mzee Shabani tangu asubuhi. Mkewe, Mama Zuhura, alipika pilau lililonukia mpaka barabara ya Musoma, na mimi na Zuhura tulipigania ukoko chini ya sufuria hadi kucha zikauma. Mama yangu alikuwa akipiga kelele toka ng'ambo ya ukuta: "Mkiendelea kugombana, huo ukoko nitawapa kuku." Hatukuwahi kuulizana ukoko ule ni wa dini gani.

Kisha mambo yakafunguliwa. Sukari ikarudi dukani, mitumba ikamwagwa sokoni, redio kaseti zikaingia, na dini nayo ikaanza kuuzwa kwa jumla na rejareja. Vipaza sauti vikafungwa uwanjani. Upande huu mhubiri amekamata Kurani asiyoweza kuisoma, upande ule mwenzake amekamata Biblia ambayo anaifungua tu pale anapotaka kumkomoa mtu. Watu walikwenda kama wanaokwenda mpirani, wakashangilia, wakazomea. Walioshinda walishinda nini, sijui mpaka leo, maana kesho yake wote walikutana mashine ya kusaga, wakiwa na unga uleule kwenye nyusi.

Kanisani kwetu akatokea Mwinjilisti Elikana. Alikuwa kijana wa hapohapo, tuliyemjua tangu akichunga ng'ombe, ila alipelekwa mjini kwenye semina, akarudi na suti, kinanda cha betri na lafudhi ambayo hatukujua ameitoa wapi. Akafundisha kwamba nyama aliyochinja Shabani ni sadaka ya sanamu. Wazee waliokula nyama hiyo nusu ya umri wao wakaanza kujishika matumbo.

Ndipo ikaja harusi ya dada yangu mkubwa, Nyangeta. Ng'ombe wa mahari walishafika, na baba alikuwa amenenepesha dume kwa ajili ya siku hiyo. Kwa watu wa kwetu, binti akiolewa halafu jirani akaondoka na njaa, aibu hiyo haibaki kwa baba. Binti anaibeba mpaka ukweni, na huko watamkumbusha kila akikosea chumvi. Kwa hiyo baba alimwarifu Shabani mapema, kama kawaida.

Asubuhi ya harusi, vijana wa Elikana waliwahi kuliko jogoo. Waliimba, wakakemea, wakalichinja lile dume wenyewe. Mzee Shabani alipoingia uani na kisu chake ndani ya kitambaa, alikuta ngozi imeshatundikwa. Akaitazama.

"Mmeshamaliza?" akauliza. Vijana wakaendelea kukata nyama. "Basi, Mungu awabariki," akasema, akakaa kwenye mkeka.

Mama Zuhura na wenzake, waliokuja na miko yao kutupikia, wakaiweka chini taratibu. Majirani Waislamu wakaendelea kufika na khanga za zawadi, wakapewa soda, wakakaa nazo mkononi. Kila mtu alielewa kuwa hawatakula. Dada yangu, aliyekuwa ndani anasukwa, alilia hadi poda ikafanya mifereji usoni. Mimi nilimchukia Elikana siku ile, na sitajifanya kwamba nimeacha.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalifungua beberu ambalo wakwe walilileta kwa heshima yake, akalivuta katikati ya ua mbele ya kwaya, mbele ya wakwe, akamkabidhi Shabani kamba. Elikana akasimama na kumwambia kwamba analitia kanisa aibu.

Baba akamgeukia. "Mwinjilisti, Shabani ananichinjiaga tangu huyu bibi harusi hajazaliwa. Miaka yote hiyo sijaonaga pepo kwenye supu. Leo ndo nimemuona, tena amevaa suti."

Beberu likachinjwa, miko ikaokotwa, na waliokuja wote wakala. Kuhusu lile dume la uamsho, vijana walikuwa na moto mwingi rohoni na mdogo jikoni, hivyo nyama iliungua nje ikabaki mbichi ndani. Kufikia mchana niliwaona waimba kwaya wakizunguka nyuma ya jiko la Mama Zuhura, sahani zimefichwa ndani ya majoho. Mke wa Elikana mwenyewe aliondoka na bakuli lililofunikwa vizuri sana.

Lakini baba alilipishwa. Kanisa lilimtaka atubu mbele ya watu, akauliza atubu kosa gani, akavuliwa uzee na kutengwa na meza ya Bwana. Jumapili alikaa benchi la mwisho, mkate na kikombe vikampita. Na msidhani upande wa pili walikuwa na akili kutuzidi. Vijana wao wa suruali fupi walimwandama Shabani kwa kuchinjia harusi ya makafiri, wakamnyang'anya hata kuadhini. Wazee wale wawili waliotengwa kila mtu na watu wake wakawa wanakutana kwenye kibanda cha baiskeli, wakibishana juu ya bei ya pamba. Baba alikufa bado yuko benchi la mwisho.

Siku hizi mambo ni ya kisasa. Mtoto wa leo anajua dini ya jirani yake kabla hajajua jina lake, na anamtukana kwa simu huku wamekaa nyumba moja. Kwa hiyo kuna makongamano. Mwaka jana mimi na Zuhura tulialikwa kwenye moja, hotelini Musoma, ziwa linaonekana dirishani, kila mshiriki na fulana yake. Mtoa mada juu ya kuvumiliana alikuwa Askofu Elikana, sasa ana pete na msaidizi wa kumbebea Biblia. Akasimulia kwa machozi kabisa jinsi wazee wetu wa Bunda walivyokuwa wakichinjiana, na jinsi mzee mmoja alivyomkabidhi jirani yake Mwislamu beberu siku ya harusi ya bintiye. Ukumbi ulisimama kupiga makofi.

Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti. "Baba Askofu," nikasema, "huyo mzee alirudishwa lini kwenye meza ya Bwana?"

Alinitazama, akanitambua. Mshereheshaji akawahi kusema muda umetutupa mkono, twende tukale.

Ukumbi wa chakula ulikuwa na meza mbili. Moja imeandikwa Waislamu, nyingine Wakristo, kwa herufi nzuri za kompyuta. Zuhura alisoma, nami nikasoma. Alienda kwenye meza yao, akapakua pilau sahani moja, akaomba vijiko viwili, tukaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Lilikuwa pilau jeupe la hotelini, halina hata ukoko wa kugombania. Tulilimaliza lote.