Ng'ombe Aliyekataliwa na Avice

Avice alikuwa jirani yangu, mwanamke mfupi, mkaidi, mchoyo wa siagi. Mumewe Wymond alipokufa kwa tauni, kaburi halijakauka, mnyapara wa kabaila akaja kumchukua ng'ombe. Ndiyo desturi kwetu: mtwana akifa, kabaila anayemmiliki huchukua mnyama wake aliye bora, na padri huchukua wa pili. Avice alikuwa na mmoja tu. Padri naye, alipokosa mnyama wa pili, akabeba blanketi. Iliniuma, ila nani angefungua mdomo?

Avice akabaki na binti yake Emmot na uji wa shayiri usio na maziwa.

Tauni haikuchagua. Wakamuaji wa kabaila nao walikufa, na waliopona walitorokea kwa makabaila wanaolipa vizuri. Zizi lilijaa ng'ombe wa marehemu, wanalia, viwele vimevimba. Ndipo mnyapara Thurstan, aliyezoea kugonga milango yetu kwa fimbo, akabisha kwa Avice kwa vidole, kofia mkononi.

"Mama Emmot, njoo utukamulie. Ng'ombe wako utarudishiwa."

"Nikifa mtamchukua tena. Kaeni naye. Nataka mwanangu awe huru, na kabaila aseme mwenyewe mbele ya kanisa."

Thurstan akacheka, akasema njaa itamfunza adabu.

"Haya, njaa inifunze mimi, nawe ukawafunze ng'ombe kujikamua."

Majirani tulimsema sana. Tulimwambia uhuru haunywewi. Akaendelea kuchuma majani ya mwituni na kuyachemsha, na Emmot akazidi kukonda. Lakini zizini ng'ombe walianza kufa, na kabaila hakupata mkamuaji mwingine. Jumapili moja akasimama mlangoni mwa kanisa, akatamka kwamba Emmot si mtwana tena. Alisema kwa sauti ya chini.

"Huku nyuma hatukusikia," Avice akasema. Kabaila akarudia.

Kesho yake Avice akaenda zizini, akamkamua aliyekuwa ng'ombe wake, kwa ujira.

Baada ya mavuno Emmot alifunga mzigo wake aende mjini kufuma sufu. Hakuhitaji ruhusa ya mtu. Akamshika mama yake mkono, akamwomba waondoke wote.

"Aliyeachiwa huru ni wewe, mwanangu. Mimi bado mtu wake. Nenda, ng'ombe wananingoja."

Akageuka kabla binti hajafika njiani. Asubuhi ile nilipita karibu na zizi, nikamsikia Avice analia, na maziwa yakiendelea kumiminika ndooni.