Ada ya Kampala na Ugonjwa wa Shangazi

Ukiuliza mtu wa hesabu katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, utaonyeshwa Clémence Lotsove, mhasibu wa depo ya dawa. Ana miaka thelathini na minne, mwembamba, hacheki ovyo. Familia yake ilipokimbia vita vya Djugu kila mtu alibeba alichoweza, na yeye alibeba bahasha ya vyeti vyake, akaacha sufuria zote tatu. Mama yake alimsema miezi sita. Lakini Clémence alikuwa na mpango wa zile karatasi: alitaka masta ya uhasibu.

Aliomba chuo kikuu kimoja cha Kampala. Wakataka matokeo ya miaka yote, tena kwa Kiingereza. Mtafsiri mwenye muhuri alimla dola sitini, akakosea mwaka wa kuzaliwa, halafu akadai kumi nyingine za kurekebisha kosa lake mwenyewe. Haya, akalipwa. Bursa, yaani ufadhili wa masomo, aliomba mbili. Moja haikujibu hadi leo, na ya pili ilijibu kwa adabu sana kwamba umri wa mwisho ni miaka thelathini. Ndipo mwezi wa saba barua ikaingia kwenye simu: amekubaliwa kuanza mwezi wa tisa, ila alipe dola mia nane kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na mbili Agosti, saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi yake anapewa mwingine.

Alikuwa na mia mbili na hamsini. Zilizobaki alijua zilipo.

Zilikuwa kwenye likelemba. Wanawake kumi na wawili wa kwaya hukutana kila Jumapili ya tatu ya mwezi. Kumi na mmoja hutoa hamsini hamsini, na mwenye zamu huondoka na zote. Clémence ndiye anayeshika daftari, na kwa desturi yao mshika daftari hupokea wa mwisho kabisa, Desemba, asije akasemwa kwamba amejipakulia kwanza. Zamu ya Agosti ilikuwa ya Mama Katsuva, muuza vitenge aliyehamia kutoka Butembo, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Kubadilishana zamu kuliruhusiwa kwa ugonjwa au kifo tu. Kanuni hiyo aliitunga Clémence mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, mwaka ule mmoja wao alipotaka kuruka foleni kwa ajili ya harusi.

Kusema masomo, basi, kusingemsaidia. Isitoshe, kwao safari haitangazwi. Majirani husikia tu kwamba fulani yuko Kampala tangu juzi. Kwa hiyo Jumapili ile Clémence alisimama, akasema Shangazi Madeleine anaumwa huko Mongbwalu na lazima apasuliwe. Mongbwalu alikuchagua kwa akili. Ni mbali, barabara ni mashimo na vumbi, nani atakwenda kuhakikisha?

Mama Katsuva hakuuliza swali hata moja. "Ugonjwa haiko na programu," alisema. "Kamata, mama. Mimi nitangoja Desemba."

Dola mia tano na hamsini zikaingia kwenye mkoba, na mhasibu wetu akarudi nyumbani akiwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa Bunia analijua. Mgonjwa hatumiwi pesa peke yake. Anaendewa, anatazamwa, anaombewa. Jumatatu saa mbili asubuhi, akiwa depo, alipokea ujumbe wa Mama Régine, kiongozi wa kwaya: yeye na Mama Katsuva wamepanda pikipiki alfajiri kwenda Mongbwalu, wana sukari, sabuni na mchele, wameshapita Nizi.

Clémence alipiga simu ya shangazi mara kumi na nne. Mtandao wa Mongbwalu ulikuwa umelala. Siku hiyo alifika hadi mlango wa benki, akageuka. Aliogopa.

Jumanne shangazi akapiga mwenyewe. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzima kabisa, anakaanga mandazi ya wachimba dhahabu.

"Clémence, niko jikoni naona mamas wawili banashuka kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, mumoja analia tayari. Banauliza mugonjwa Madeleine. Nikaona hii ni mambo yako, nikaenda kulala."

"Shangazi, walisema nini?"

"Waliomba Mungu saa mbili nzima. Mafuta yangu ikaungua. Sasa uniambie, naumwa nini?"

"Tumbo."

"Siye tulisema mugongo," alijibu shangazi, akakata simu.

Uongo, basi, ulikuwa umesimama vizuri. Pesa zilikuwapo, benki ilikuwa wazi. Jumatano alifika tena mlangoni, akasimama nyuma ya mtu mmoja tu, akatoka kwenye foleni. Yeye mwenyewe hakuelewa kinachomzuia.

Alhamisi saa kumi wanawake wote wakaja kwake na taarifa. Mama Katsuva alikuwa bado anakohoa vumbi la barabara. "Tumemukuta," alisema. "Anavumilia yule mama! Anaumwa mugongo lakini hata kulalamika, hapana. Anatuuliza kama tumekula." Kisha akaweka bahasha mezani. Ilikuwa michango mipya, dola tisini, na kati ya hizo ishirini zilitoka mfukoni mwake, za kuongezea upasuaji.

Clémence aliitazama ile bahasha, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona. Akaingia chumbani, akatoka na mia tano na hamsini, akaziweka juu yake.

"Shangazi haumwi," alisema. "Ni ada ya masomo. Kampala. Mwisho ni kesho saa sita."

Mama Régine alivuta kitambaa chake, akafunga upya kichwa. Mmoja aliguna. Mama Katsuva alihesabu zile mia tano na hamsini zake polepole, akazifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Juu ya nini haukutuomba?" aliuliza.

"Mngekataa."

"Pengine. Lakini ungekuwa umetuomba. Weye ulitudanganya, kutuomba haukutuomba."

Clémence akasema, "Basi ninaomba. Mama Katsuva, ninaomba zamu yako ya Agosti, kwa masomo."

"Hapana," alisema Mama Katsuva, bila hasira. "Balo yangu, robota nzima ya vitenge, inangoja kulipiwa Kasindi, kwa mupaka. Nilikuwa nimeiachilia juu ya mugonjwa. Juu ya masomo siiachilie. Uliza mwingine."

Lilikuwa jibu la haki, na lilimkata moyo. Kampala ya mwezi wa tisa ilikwisha pale pale. Angeweza kukaa. Hakukaa; aliwageukia wanawake kumi waliobaki, watu aliowaandika miaka mitatu bila kuwaomba hata chumvi, akaanza na aliyekuwa karibu.

"Mama Régine, Septemba ni yako. Chuo kinapokea tena Januari, nikiomba wanihamishie. Ninaomba zamu yako."

Mama Régine alichukua muda wake. Aliuliza masomo ni miaka mingapi, akaambiwa miwili. Aliuliza mhasibu mwenye masta anafanya nini ambacho Clémence hafanyi leo, akaelezwa, akasema hakuelewa.

"Kamata Septemba," alisema mwishowe. "Kanuni utaiandika upya. Mimi nitapokea Desemba. Na moto yetu ya Mongbwalu, kwenda na kurudi, utalipa weye."

Clémence alisema atalipa. Alikuwa analia waziwazi, na Mama Katsuva akasogea kwenye benchi, akamwonyesha mahali pa kukaa.